Vineno Vidogo vya Kiholanzi Machoni pa Mtu wa Luberizi

Hati ya notari wa Uholanzi au hukumu ya mahakama ya Antwerpen ikimtaja mtu aliyezaliwa kwenye bonde la Ruzizi, huandika “geboren te Luberizi”. Neno hilo “te” halisikiki kwenye tramu wala sokoni. Mtu akiongea husema “in Luberizi”. “Te” limebaki kwenye makaratasi, na anayejifunza Kiholanzi kwa kuwasikiliza majirani anaweza kumaliza miaka bila kulisikia, kisha siku moja akalikuta mbele ya jina la kwao.

Kiholanzi rasmi, au Kiflamand kama wengi wetu tunavyokiita kwa kuwafuata Wafaransa, kimejaa vineno vya namna hiyo. Ukiviunganisha na mpangilio wa maneno wa lugha yenyewe, unapata barua ya nusu ukurasa inayomshinda mtu anayejua lugha nne. Na mtu wa Luberizi kujua lugha nne si ajabu. Luberizi iko Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 5, ukitoka Uvira ukaipita Sange na kabla hujafika Luvungi. Mtoto wa hapo husikia Kifuliiru, Kirundi na Kinyamulenge tangu utotoni, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na shuleni hukutana na Kifaransa. Iweje huyu akwame?

Jibu linalotolewa upesi ni matamshi ya “g” ya kukwaruza koo, au kutojua lini useme “de” na lini “het”. Sikubaliani nalo. Ukisema “de huis” badala ya “het huis” utachekwa kidogo na utaeleweka. Hakuna aliyepoteza posho kwa sababu hiyo. Kinachogharimu ni vihusishi na mahali kitenzi kinapokaa. Sababu ni moja: kazi ambayo lugha zetu zote huitwika kitenzi, Kiholanzi huigawa. Sehemu hubaki kwenye kitenzi, sehemu huenda kwa vihusishi, na kitenzi chenyewe mara nyingi hukatwa vipande viwili vinavyokaa mbalimbali.

Mtu angeweza kudhani kwamba Mkongo ameirithi lugha hii kutoka kwa mkoloni. Mkataba wa Kikoloni wa mwaka 1908 ulitaka kweli amri za Kongo zichapishwe kwa Kifaransa na Kiflamand. Lakini kwa vitendo ofisi, mahakama na shule zilikwenda kwa Kifaransa, hata mahali ambapo padri na mkuu wa wilaya wote walikuwa Waflamand wa kuzaliwa. Bukavu yenyewe iliitwa Costermansville, na kilichobaki cha Kiflamand hapo kilikuwa jina tu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kifaransa kikaendelea. Kwa hiyo mtu wa Uvira aliyekimbia vita vya 1996 au vile vya 1998, au aliyekwenda baadaye kuungana na familia, alifika Ubelgiji akiwa na Kifaransa mkononi na matumaini kwamba kitatosha. Brussels kinatosha. Gent hakitoshi. Sheria za lugha za miaka ya 1962 na 1963 zilichora mpaka kati ya eneo la Kiholanzi na la Kifaransa, na manispaa ya upande wa Flanders kwa kawaida haikuandikii Kifaransa hata kama mhudumu wa dirishani anakijua vizuri kuliko wewe. Uholanzi, bila shaka, hakuna hata mjadala.

Nianze na vihusishi vya mahali, maana hapo tuna mtaji ambao watu wengi wa kwetu hawajui kwamba wanao.

Wenye Kiswahili cha pwani hutucheka tunaposema “niko ku soko” au “viko mu nyumba”. Wao husema “sokoni” na “nyumbani”, alama ya mahali imetundikwa nyuma ya nomino. Sisi tunaitanguliza, kama Kirundi kinavyosema “ku isoko” na “mu nzu”. Basi katika jambo hili Kiswahili cha Uvira kiko karibu na Kiholanzi kuliko Kiswahili cha Unguja. Tena ukaribu huo si wa mpangilio tu. “Mu” yetu ni “in” yao: mu nyumba, “in huis”. Na “ku” yetu huangukia pazuri juu ya “op”, pale hasa ambapo Mfaransa au Mwingereza hubabaika: ku meza ni “op de tafel”, ku soko ni “op de markt”, ku masomo ni “op school”, ku kazi ni “op het werk”, ku bilo ni “op kantoor”. Nimeona wanafunzi wakikariri orodha hii kwa jasho ilhali wangeweza kuitoa mdomoni mwao. Mwalimu asiyejua Kiswahili cha Kongo hawezi kuwaambia, na anayejua Kiswahili sanifu peke yake huenda akawakataza.

Mtaji huo una mwisho. Chukua ziwa. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi yuko “op het meer”. Ndagala anaowavua wako “in het meer”. Mji wa Uvira wenyewe uko “aan het Tanganyikameer”, kwa sababu “aan” ni ya kugusana ubavuni: nyumba iliyo kando ya barabara, mji ulio ukingoni mwa maji, picha iliyoning’inia ukutani. Na mwanamke anayesubiri mitumbwi irudi yuko “bij het meer”, karibu na ziwa bila kudai kwamba analigusa. “Bij” hiyohiyo hutumika kwa watu na taasisi: “bij de dokter”, “bij de gemeente”. Sisi tungesema “kwa daktari”, lakini “kwa” yetu hubeba mizigo mingi mno (kwa mguu, kwa hasira, kwa nini, kwa Baba Furaha) kiasi kwamba haifai kuwa ufunguo wa kitu chochote. Hospitali nayo huvunja desturi ya “ku”: huko ni “in het ziekenhuis”.

Kosa kubwa zaidi huja mtu anapoanza kutembea. “Niko ku soko, naenda ku soko.” Alama ni moja, na kinachotofautisha kukaa na kwenda ni kitenzi. Kirundi hufanya vivyo hivyo. Kifaransa pia: “au marché” hutumika ukiwa umefika na ukiwa njiani. Lugha zetu zote zinakubaliana, kwa hiyo zote zinatupotosha kwa pamoja, na mtu wa kwetu husema “ik ga op de markt” akiwa na uhakika kamili. Kiholanzi hudai “naar”: “ik ga naar de markt”.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya kuanzia hulipitia haraka. Kihusishi cha Kiholanzi kinaweza kuhama kutoka mbele ya nomino kikaenda nyuma yake, na maana ikabadilika. Fikiria lori kwenye mteremko wa Ngomo, juu ya Kamanyola. “De vrachtwagen rijdt op de berg” maana yake lori linatembea, na liko mlimani. “De vrachtwagen rijdt de berg op” maana yake lori linapanda mlima. Neno ni lilelile, ila limehama. Likishuka ni “de berg af”. Kuingia nyumbani ni “het huis in”, kutoka ni “het huis uit”, kuvuka mto ni “de rivier over”. Sisi tuna panda, shuka, ingia, toka, vuka. Njia nzima imo ndani ya kitenzi na hakuna kinachobaki cha kuongeza. Mwanaisimu wa Kimarekani Leonard Talmy alijenga nadharia nzima juu ya tofauti hii, kati ya lugha zinazoweka njia ndani ya kitenzi na zile zinazoiweka kwenye vineno vya pembeni. Kiswahili kiko upande mmoja, Kiholanzi upande wa pili. Anayelijua hilo huacha kutafuta kitenzi cha Kiholanzi cha “kupanda” kila mara, na huanza kutafuta kineno.

Jambo hilohilo hujitokeza kwenye kauli ya kutendea. Sisi huongeza silabi tu: andika, andikia; ngoja, ngojea. Kiholanzi hakina silabi hiyo, kwa hiyo vitenzi vingi huchumbia kila kimoja kihusishi chake, na ndoa hizi hazina mantiki ya kufundishika. Kungojea ni “wachten op”. Kufikiria ni “denken aan”. Kujibu barua ni “antwoorden op”. Lugha ya ofisini ina ndoa zake: haki ya kitu ni “recht op”, kutimiza masharti ni “voldoen aan de voorwaarden”, kupinga uamuzi ni “bezwaar maken tegen”, kustahili kufikiriwa kwa msaada ni “in aanmerking komen voor”. Dawa ni moja, kuyashika pamoja kama neno moja. Anayekariri “recht” bila “op” amekariri nusu.

Sasa mpangilio wa maneno. Kanuni ya kwanza ni nyepesi: katika sentensi huru kitenzi kinachobeba nafsi na wakati hukaa nafasi ya pili, liwe neno gani limetangulia. “Ik ga morgen naar Brussel.” Ukianza na kesho, kiima hupishana na kitenzi: “Morgen ga ik naar Brussel.” Kwetu kiima kimeshonwa ndani ya kitenzi, “kesho nitaenda”, hakuna cha kupishana. Ndiyo maana “morgen ik ga” huwatoka hata watu waliokaa Uholanzi muda mrefu. Nalo, kama “de” na “het”, halimuumizi mtu.

Kanuni ya pili ndiyo yenye meno. Sehemu iliyobaki ya kitenzi huenda mwisho wa sentensi. “Wij hebben uw brief op 3 maart ontvangen”: “hebben” iko mbele, “ontvangen”, yaani kupokea, iko mwisho, na barua pamoja na tarehe vimebanwa katikati. Waholanzi wenyewe huita mpangilio huu koleo. Kitenzi kinaweza kupasuka hata kikiwa neno moja: “invullen” ni kujaza fomu, lakini agizo ni “vul het formulier in”. Anayetafuta “vul” kwenye kamusi hatapata lolote la maana mpaka aone ile “in” ya mwisho, na atadhani ni ya mahali.

Katika kishazi tegemezi, baada ya “dat”, “omdat”, “als”, “indien” au “tenzij”, vitenzi vyote huenda mwisho: “omdat u het formulier niet op tijd hebt ingevuld”. Au “ingevuld hebt”. Yote mawili ni sahihi, na wataalamu huyaita mpangilio mwekundu na wa kijani kwa sababu ya rangi za ramani moja ya lahaja. Mgeni asipoteze usiku wake hapo. Mwaka 1975 mwanaisimu Jan Koster alitoa hoja kwamba ile nafasi ya mwisho ndiyo makao halisi ya kitenzi cha Kiholanzi, na nafasi ya pili ni mahali kinapotembelea. Kwa msomaji wa barua hoja hiyo ina faida ya vitendo: angalia mwisho kwanza.

Tuisome sentensi moja ya aina inayotoka kwenye ofisi hizo kila siku:

“Naar aanleiding van de door u op 3 maart ingediende aanvraag delen wij u mede dat wij deze, gelet op het bepaalde in artikel 4, niet in behandeling kunnen nemen.”

Mtu wa kwetu huanza kushoto kama alivyozoea. “Naar” anaijua, ni ya kwenda. Anakosea papo hapo, kwa kuwa “naar aanleiding van” ni kifungu kizima, maana yake “kufuatia”. Halafu anakutana na “de door u op 3 maart ingediende aanvraag”. Kiswahili kingetaja jambo kwanza kisha kulieleza: ombi ulilowasilisha tarehe 3 Machi. Kiholanzi rasmi kimefungua na kibainishi “de”, kikasukumia ndani aliyefanya, siku aliyofanya na alichofanya, na ombi lenyewe, “aanvraag”, likaja mwisho. Katika mazungumzo hakuna anayesema hivyo. Kwenye makaratasi muundo huu ni wa kawaida, na nadhani ndio unaowaangusha wasomaji wetu wengi kuliko mwingine wowote, kwa sababu lugha zetu zote hutaja nomino mapema. Ushauri: ukiona “de” au “het” na mara moja baada yake kihusishi, ruka mbele uitafute nomino, kisha urudi nyuma.

“Delen wij u mede” ni “tunakujulisha”, kitenzi “mededelen” kilichopasuliwa. Baada ya “dat” kila kitu kinasubiri mwisho, na katikati kimepachikwa kifungu cha sheria. Mwisho kabisa linakuja “niet”, halafu “in behandeling kunnen nemen”.

Hapo ndipo tofauti inapouma. Kiswahili hukukatalia mapema. “Hatuwezi” huanza na kukana, silabi ya kwanza tu umeshajua. Kiholanzi kinaweza kukupitisha kwenye tarehe, kifungu na salamu za heshima, na neno la kukana likaja mwishoni, dogo, katikati ya mengine. Msomaji aliyechoka nusu ya njia huondoka akiamini ombi lake limepokelewa. Na ona vilevile kwamba barua haijasema ombi limekataliwa. Kukataa ni “afwijzen”. “Niet in behandeling nemen” ni kwamba hawakulipima kabisa, pengine kwa sababu karatasi moja imekosekana. Hatua anayotakiwa kuchukua mtu ni tofauti katika hali hizo mbili.

Vihusishi vya wakati vina hatari nyingine, iliyofichwa na wepesi wake. “Voor 1 mei” ni kabla ya tarehe 1 Mei, na siku yenyewe haimo. Lakini “voor” pia ni “kwa ajili ya”, ndiyo maana waandishi makini huandika “vóór” wanapotaka ya wakati. “Tot 1 mei” huacha ubishi kama siku ya mwisho imo. “Tot en met” huumaliza, imo. “Per 1 juli” na “met ingang van 1 juli” ni kuanzia siku hiyo, na hutangaza kupanda kwa kodi ya nyumba au kukatwa kwa posho. “Over drie weken” ni wiki tatu kutoka leo, si “kuhusu wiki tatu”. “Na” ni baada ya, wala si “naar” ingawa masikio yetu huzisikia kama pacha, wala si “na” yetu. Kwa kuwa tumefika kwenye wakati, “half tien” ni saa tatu na nusu asubuhi, yaani nusu kuelekea kumi yao. Mkongo aliyefundishwa “neuf heures et demie” akifika saa nne na nusu atakuta mlango umefungwa.

Vilivyobaki ni vihusishi vya kizamani, jamaa za ile “te”. “Ten” na “ter” ni “te” iliyoungana na vibainishi vya zamani, mabaki ya minyambuliko ambayo lugha ya kila siku imeiacha. “Ten behoeve van” ni kwa faida ya, “ten laste van” ni kwa gharama ya, “ten aanzien van” ni kuhusu, “ter attentie van” ni kwa kuangaliwa na. Angalia mbili za kwanza zinavyofanana machoni: moja inasema nani atafaidika, nyingine nani atalipa. Kuna “krachtens” na “ingevolge”, zote mbili za kutaja sheria inayotumika, na “jegens” ambayo hukutana nayo wanasheria tu. Pamoja nazo huja “hierbij”, “daartoe”, “waarvan”, maneno yanayorejelea kitu kilichotajwa juu au barua yenyewe. Humo “met” hugeuka “mee” na “tot” hugeuka “toe”, hivyo “kwacho” ni “waarmee”. Haya hayana ugumu wa kimuundo. Yanakaririwa katika juma moja na hayabadiliki.

Wapo wanaosema kujifunza haya yote ni kupoteza muda, kwa kuwa serikali zenyewe zimeahidi kuandika kwa lugha nyepesi. Ni kweli Uholanzi ina kampeni ya “Direct Duidelijk”, na Flanders ina “Heerlijk Helder”. Barua za manispaa zimepungua urefu, na baadhi hutanguliza uamuzi kwenye mstari wa kwanza. Lakini mahakama, notari na dalali wa mahakama bado huandika kama zamani, na hao ndio ambao barua zao hazisamehi. Sheria ya Uholanzi iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 inamtaka mgeni kwa kawaida afike ngazi ya B1, na Flanders huanza na A2. Sentensi ile tuliyoisoma iko juu ya ngazi zote mbili. Mtu anaweza kufaulu mtihani, kupata cheti, na bado akampa binti yake wa miaka kumi na mbili barua ya dalali aitafsiri mezani. Hilo si kosa la mzazi. Ni kozi zilizojengwa juu ya kununua mkate na kuomba miadi, huku barua rasmi ikiachwa hadi darasa la juu ambalo wengi hawafiki.

Mimi ningegeuza. Mtu aliyesoma hadi sekondari Uvira, aliyezoea Kifaransa cha makaratasi, anaweza kuanza na barua katika miezi yake ya kwanza. Anajua “kwa mujibu wa” na “kufuatia” ni nini. Anahitaji tu kuonyeshwa sura zake mpya, na kuzoezwa kurukia mwisho wa sentensi kabla ya kurudi katikati. Walimu wa kwetu walioko Antwerpen, Gent na Rotterdam, ambao Jumapili hufundisha watoto Kiswahili kanisani, wanaweza kuwafundisha wazazi hili kwa saa moja wakitumia barua ambazo watu wanazo mifukoni.

Kwa aliye na barua leo na hana mwalimu: tafuta tarehe iliyo juu, tafuta “niet” au “geen”, soma kitenzi cha mwisho cha kila sentensi, kisha nenda chini kabisa penye neno “bezwaar” au “beroep”. Uholanzi, muda wa kawaida wa kupinga uamuzi wa ofisi ya serikali ni wiki sita. Kesi za ukimbizi huwa na muda mfupi zaidi, na Ubelgiji ina mihula yake. Siku zinahesabiwa hata kama barua hukuielewa.